Majina yanayogongana: bendi, timu na wahusika wa katuni wenye jina moja, mnawatenganishaje kwenye orodha?

Orodha_Kuu

Wakuu, habari zenu. Naunda hazina ya maswali ya chemsha bongo yenye maeneo matatu: muziki, michezo na hadithi za kubuni (katuni, filamu, riwaya pendwa). Kila kitu kiko kwenye lahajedwali moja, mstari mmoja kwa kila bendi, timu, mchezaji, wimbo au mhusika, na safu ya jina ndiyo inayounganisha swali na jibu lake.

Kinachonisumbua ni majina yanayofanana bila udugu wowote. Nikitafuta Nirvana zinakuja bendi mbili, Giants zinakuja timu tatu, Captain Marvel ndiyo usiseme, na "The Power of Love" inaleta nyimbo tatu za miaka ileile.

Sasa maswali. Kwenye mabano baada ya jina niandike nini: nchi, mwaka au fani? Timu iliyohama mji, jina lake likaja kuchukuliwa na timu nyingine, nihesabu moja au mbili? Bendi yenye jina moja kwao na jina jingine Marekani naiweka wapi? Na nitajuaje kama majina yamekutana kwa bahati au mmoja kachukua kwa mwenzake? Mistari ni mingi, kwa hiyo natafuta kanuni, si kurekebisha moja moja.

---

Kabati_la_Santuri

Mkuu, la kwanza kabisa liondoe jina kwenye kazi ya ufunguo, yaani kitu kinachotambulisha mstari na kuunganisha swali na jibu. Jina libaki kuwa maelezo. Ufunguo uwe namba isiyo na maana yoyote, unayoitoa wewe mwenyewe, na isiyorudiwa hata mstari ukifutwa. Ukishafanya hivyo, kugongana kwa majina hakuvunji tena kitu. Kinakuwa kero ya macho tu, na kero ya macho ndiyo kazi ya mabano.

Safu ninazopendekeza: kitambulisho chako, jina kama linavyoandikwa na mwenyewe, aina (bendi, wimbo, albamu, timu, mchezaji, mhusika, filamu), kitofautishi (yaani maneno yatakayokaa kwenye mabano), mwaka wa kuanza, mwaka wa kuisha, majina mengine, na kitambulisho cha nje. Hiyo ya mwisho usiiruke. Kwa wanamuziki tumia namba ya MusicBrainz (hifadhidata ya muziki ya mtandaoni), ambayo ina herufi na alama 36 ukihesabu vistari vyake vinne, au ISNI (namba ya kimataifa ya kutambulisha watunzi na wasanii) yenye tarakimu 16. Kwa filamu na waigizaji, IMDb hutoa namba zinazoanza na tt kwa kazi na nm kwa watu. Kwa vitu vya kila namna, Wikidata hutoa Q na tarakimu zake. Mtu akikuletea mstari wa "Nirvana" bila namba ya nje, usiuingize mpaka ujue ni ipi.

Na hiyo Nirvana ni mfano mzuri. Ya kwanza ilianza London miaka ya 1960, ya Patrick Campbell-Lyons na Alex Spyropoulos. Ya pili ni ile ya Kurt Cobain, iliyoanzishwa Aberdeen, jimbo la Washington, 1987. Ya London ilifungua kesi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakamalizana nje ya mahakama, na zote mbili zikaendelea kulitumia jina. Ndiyo maana huwezi kutegemea sheria ikusafishie orodha.

Kuhusu mabano kwa muziki: ukiandika "bendi" peke yake umetenganisha bendi na dhana ya kidini, hujatenganisha bendi na bendi. Ongeza kitu kimoja kinachotosha, yaani nchi kama nchi ni tofauti, mwaka kama nchi ni moja. "Nirvana (bendi ya Uingereza)" na "Nirvana (bendi ya Marekani)" inatosha. Usijaze mtindo wa muziki, kwa sababu watu hubishana kuhusu mitindo na bendi hubadilika. Vilevile usiandike "ile maarufu".

Kwa nyimbo, nchi haisaidii kitu. Weka jina la msanii na mwaka. Angalia hiyo "The Power of Love": Frankie Goes to Hollywood waliitoa 1984, Jennifer Rush 1984 pia, Huey Lewis and the News 1985. Ni tungo tatu zisizohusiana hata kwa noti moja. Kisha Céline Dion akaja 1993, lakini huyo aliimba upya ile ya Jennifer Rush, kwa hiyo hapo una tungo tatu na rekodi nne. Hapa ndipo misimbo miwili inapofanya kazi tofauti. ISWC ni ya utungo: Rush na Dion wana moja. ISRC ni ya rekodi: kila mmoja ana yake. ISRC ina herufi na tarakimu 12, na zile mbili za mwaka zilizo katikati ni mwaka msimbo ulipotolewa, si mwaka wimbo ulipoimbwa. Nyimbo za zamani zilizopewa misimbo baadaye zitakudanganya ukichukua mwaka kutoka hapo.

Kuna wakati wasanii wenyewe huona ajali inakuja. The Pointer Sisters walikuwa na wimbo "Jump", lakini "Jump" ya Van Halen ilikuwa redioni mwaka huohuo wa 1984, ndiyo ukauzwa kama "Jump (For My Love)". Kwa hiyo mabano mengine ni sehemu halali ya jina. Ukiwa na programu inayofuta kila kilicho ndani ya mabano ili "kusafisha" majina, itakula na hayo. Kitofautishi kikae kwenye safu yake, kiunganishwe na jina wakati wa kuonyesha tu.

Albamu zina balaa lake. Peter Gabriel alitoa albamu nne mfululizo zenye jina lake tu: 1977, 1978, 1980 na 1982. Weezer wana sita zinazoitwa Weezer, ambazo mashabiki huzitaja kwa rangi ya jalada: bluu 1994, kijani 2001, nyekundu 2008, nyeupe 2016, kisha mbili za 2019, moja ya samawati-kijani na nyingine nyeusi. Hapo kwenye 2019 hata msanii na mwaka kwa pamoja havitoshi, lazima rangi iingie.

---

Kabati_la_Santuri

Nimesahau swali lako la majina ya nchi moja tu. Jina kuu liwe lile la nyumbani kwao, jina la kigeni liingie safu ya majina mengine, pamoja na nchi linakotumika. Orodha ya wanaokugonga mara nyingi ni hii: Suede huuzwa Marekani kama The London Suede, kwa sababu kulikuwa na mwimbaji wa Marekani aitwaye Suede. The Charlatans wakawa The Charlatans UK, kwa kuwa San Francisco ilikuwa na Charlatans wa miaka ya 1960. The Beat wa Birmingham wakawa The English Beat kwa ajili ya The Beat ya Paul Collins. Yazoo wakawa Yaz. Bush waliitwa Bush X nchini Kanada hadi 1997, maana Domenic Troiano alikuwa na Bush yake ya miaka ya 1970. Aliwaachia jina kwa makubaliano ya kuchangia mashirika ya hisani.

Wengine hawakuishia nchi moja, walibadilisha moja kwa moja: Dinosaur wakawa Dinosaur Jr., Blink wakawa Blink-182 kwa sababu ya Blink wa Ireland, Verve wakawa The Verve kwa sababu ya lebo ya Verve Records. Kwa hawa weka mstari mmoja, jina la zamani liwe jina jingine lenye mwaka wa mwisho.

---

Benchi_la_Ufundi

Michezo ina kanuni yake, na ninapishana kidogo na mkuu hapo juu. Kwa timu usianze na nchi, anza na mchezo. Giants wako kwenye besiboli, wako kwenye futiboli ya Kimarekani, na Japani wako Yomiuri Giants. Kibaya zaidi ni kwamba New York ilikuwa na Giants wawili kwa wakati mmoja: wa besiboli, waliohamia San Francisco baada ya msimu wa 1957, na wa futiboli, waliopo tangu 1925. Hawa wa pili kampuni yao iliitwa rasmi New York Football Giants, ili tu wasichanganywe na wenzao. St. Louis nayo ilikuwa na Cardinals wawili kuanzia 1960 hadi 1987. Mtu akikupa swali "Cardinals wa St. Louis walifanya nini 1982?" mji na mwaka vyote vipo na bado hujui anauliza nini: wa besiboli walichukua ubingwa wa dunia mwaka huo.

Kwa hiyo mpangilio ni mchezo, mji, miaka. Nchi iongezwe pale tu mchezo ni uleule.

Kisa kibaya kuliko vyote ni cha Kanada. Ligi yao ya futiboli kwa miongo kadhaa ilikuwa na timu chache tu, na mbili kati yake ziliitwa Ottawa Rough Riders na Saskatchewan Roughriders. Tofauti ni nafasi moja katikati ya neno. Mwaka 1976 zilikutana fainali ya Grey Cup, Ottawa wakashinda 23–20. Ottawa walivunjika baada ya msimu wa 1996. Ukiwa na fomula inayoondoa nafasi zote kabla ya kulinganisha majina, timu hizi mbili zitaungana kimyakimya na rekodi zao zitachanganyika. Fomula ya kusafisha iondoe nafasi za mwanzo na mwisho wa jina na kupunguza nafasi mbilimbili za katikati ziwe moja, basi. TRIM hufanya hivyo; usitumie SUBSTITUTE kufuta kila nafasi.

Timu zilizohama: swali si "jina ni la nani", swali ni "ligi imempa nani historia". Na ligi hazifanani.

Cleveland Browns (futiboli ya Kimarekani): mwenye timu aliwahamishia wachezaji Baltimore mwaka 1996, wakawa Ravens, lakini jina, rangi na rekodi zilibaki Cleveland, timu ikarudi uwanjani 1999. Kwa hiyo Browns ni mstari mmoja wenye pengo la miaka mitatu, na Ravens ni mstari mpya ulioanza 1996.

Winnipeg Jets (hoki ya barafu): kinyume chake. Wa kwanza waliondoka 1996 kwenda Phoenix na rekodi zao zikaenda nao. Wa sasa ni Atlanta Thrashers waliohamia Winnipeg 2011. Hiyo ni mistari miwili, ingawa mji ni uleule, mchezo ni uleule na jina ni lilelile.

Charlotte Hornets (mpira wa kikapu): hawa ndio wanaotesa. Wa kwanza walicheza Charlotte 1988 hadi 2002, wakahamia New Orleans na jina lao. Charlotte ikapewa timu mpya, Bobcats, 2004. New Orleans wakaliacha jina 2013, wakawa Pelicans. Mwaka 2014 Bobcats wakalichukua jina la Hornets, na ligi ikawarudishia historia ya 1988–2002. New Orleans wakabaki na kuanzia 2002. Kwa hiyo anayeuliza kuhusu Hornets wa 2005 anauliza kuhusu timu ambayo leo ni Pelicans, na anayeuliza kuhusu Hornets wa 1995 anauliza kuhusu timu ambayo leo ni Hornets. Hapa safu mbili za mwaka hazitoshi. Tengeneza jedwali dogo la pembeni lenye kitambulisho cha timu, jina, kuanzia, hadi. Timu moja iwe na mistari mingi kadiri ilivyobadilisha jina.

Jedwali hilohilo litakusaidia karibu na nyumbani pia: ukikuta "Sunderland" kwenye kumbukumbu za ligi ya Tanzania kabla ya 1971, hiyo ni Simba.

Kwa soka la vilabu, majina mengi yanayofanana hayakufanana kwa bahati. Everton ya Viña del Mar, Chile (1909) na Liverpool ya Montevideo (1915) zilichukua majina Uingereza. Barcelona ya Guayaquil (1925) ilichukua Hispania. Hizo weka safu ya uhusiano: "imepewa jina kutokana na", kisha kitambulisho cha ile ya kwanza. River Plate ya Buenos Aires na River Plate ya Montevideo ni jambo jingine, zote mbili ziko kando ya mto uleule. Na tahadhari, Montevideo iliwahi kuwa na River Plate nyingine kabla ya hii ya 1932.

Na majina ya utani yasiingie kabisa safu ya jina. Simba wa Teranga ni Senegal, Simba wa Atlas ni Morocco, Simba Wasiofugika ni Kameruni. Mwandishi akifupisha akaandika "Simba" tu, umekwisha.

---

Kabati_la_Santuri

Nakubali kwa timu. Kwa bendi bado nasimamia nchi kwanza, maana zote fani yao ni moja.

---

Jalada_la_Kwanza

Niingie upande wa hadithi. Captain Marvel si mgumu ukimpanga kwa mchapishaji na mwaka, ila lazima upange kwa hivyo viwili pamoja.

Wa kampuni ya Fawcett alitoka kwenye toleo la Februari 1940, ni yule mtoto anayetamka "Shazam". Wachapishaji wa Superman, ambao leo ni DC, walimshitaki Fawcett kwa madai ya kumuiga shujaa wao, mvutano ukaenda mpaka 1953, Fawcett akakubali kuacha. Jina likabaki halina mtu. Mwaka 1966 kampuni ndogo ya MF Enterprises ikamtoa Captain Marvel wake, hakudumu. Mwaka 1967 Marvel wakamtoa wa kwao na wakalishika jina kama alama ya biashara. DC walipompata yule wa Fawcett kwa leseni 1972, waliruhusiwa kumwita Captain Marvel ndani ya hadithi lakini si kulitumia kama jina la jarida, ndiyo maana jarida la 1973 liliitwa Shazam!. Kuanzia 2012 DC wakamwita shujaa mwenyewe Shazam. Mwaka 2019 filamu za wote wawili zilitoka kwa kupishana mwezi mmoja: ya Marvel mwezi Machi, ya DC mwezi Aprili.

Usisimame hapo. Ndani ya Marvel penyewe jina ni cheo kinachopokezanwa: Mar-Vell 1967, Monica Rambeau 1982, Carol Danvers 2012, na wengine katikati. Kwa hiyo tenganisha aina mbili: mhusika, na jina la kishujaa. Mhusika ana mstari wake, jina la kishujaa lina mstari wake, na jedwali la kati linasema nani alilivaa kuanzia lini. Ni muundo uleule wa Hornets aliousema mkuu hapo juu, kwa hiyo huhitaji kubuni kipya.

Huko Uingereza, mchapishaji aliyekuwa akitoa hadithi za yule wa Fawcett alibaki bila bidhaa, akaunda Marvelman 1954. Huyo baadaye kule Marekani akaitwa Miracleman. Weka uhusiano "amechukua nafasi ya", si "ni yuleyule".

Sasa bahati tupu. Dennis the Menace wako wawili, mmoja wa jarida la Uingereza la The Beano, mwingine wa magazeti ya Marekani wa Hank Ketcham. Wote walianza kuonekana siku moja, 12 Machi 1951, bila mmoja kujua habari za mwenzake. Ukiweka mwaka kwenye mabano hujasaidia kitu. Hapa nchi ndiyo inayotenganisha. Filamu ya 1993 ya yule wa Marekani ilionyeshwa Uingereza kwa jina la Dennis tu.

The Avengers ni vivyo hivyo: tamthilia ya televisheni ya Uingereza 1961–1969, na kundi la mashujaa wa Marvel la 1963. Filamu ya 2012 ilipofika Uingereza iliitwa Marvel Avengers Assemble. Kuna pia filamu ya 1998 iitwayo The Avengers, na hiyo ni ya ile tamthilia, si ya Marvel. Mtu akiona "The Avengers (filamu)" atakosea nusu ya wakati. Kwa filamu, mwaka ni wa lazima hata pale usipoona mgongano leo. Kuna Crash ya 1996 na Crash ya 2004, na ya pili ndiyo iliyopata Oscar ya filamu bora. Makosa ya chemsha bongo mengi hutokea hapo.

---

Orodha_Kuu

Asanteni sana, mpaka hapa nimeshapata kanuni tatu. Swali dogo: Sandman niweke wapi? Nimemkuta kwenye maeneo yote matatu.

---

Jalada_la_Kwanza

Huyo apewe mistari mingi na ukurasa wake wa maana, yaani ukurasa unaoorodhesha wote wenye jina hilo. Wa DC wa 1939 ni Wesley Dodds, mpelelezi mwenye bastola ya gesi. DC wakatoa mwingine 1974, na mwingine 1989, yule bwana wa ndoto. Marvel wana adui wa Spider-Man wa 1963, mwenye mwili wa mchanga. Muziki: "Enter Sandman" ya Metallica, 1991. Michezo: Mariano Rivera wa New York Yankees aliitwa Sandman, kwa kuwa tangu 1999 wimbo huo ulipigwa kila alipoingia uwanjani nyumbani kurusha mipira ya mwisho. Mieleka ina The Sandman wa kampuni ya ECW, naye aliingia kwa wimbo uleule.

Lakini hawa si wa bahati. Wote wanarudi kwa mtu wa ngano za Ulaya anayewanyunyizia watoto mchanga machoni walale. Na Rivera hahusiani na katuni hata kidogo, anahusiana na wimbo. Safu ya uhusiano ionyeshe chanzo cha karibu, si cha mbali: Rivera kwenda kwa wimbo, wimbo kwenda kwa ngano, Dodds kwenda kwa ngano. Ukiunganisha kila kitu na kila kitu, mtu atadhani Metallica waliimba kuhusu mpelelezi.

Ukurasa wa maana upange kwa fani, ndani ya fani kwa mwaka, mstari mmoja kwa kila kitu, kiungo kimoja kwa kila mstari. Usiweke maelezo ya hadithi pale.

---

Msajili_wa_Alama

Kwa nini sheria inaruhusu haya yote: hakimiliki hailindi majina wala vichwa vya kazi. Kinacholinda ni alama ya biashara, na hiyo hutolewa kwa makundi. Mpangilio wa kimataifa wa Nice una makundi 45: 1 hadi 34 ni bidhaa, 35 hadi 45 ni huduma. Rekodi za sauti ziko kundi la 9, vitu vilivyochapwa 16, nguo 25, vifaa vya michezo na vya kuchezea 28, burudani na matamasha 41. Bendi na kiwanda cha matairi wanaweza kuwa na jina moja bila shida. Shida huanza mmoja anapoingia kundi la mwenzake, na mara nyingi kinachomwingiza ni fulana.

Apple ndiyo somo lenyewe. Kampuni ya The Beatles, Apple Corps, iliishitaki kampuni ya kompyuta 1978. 1981 wakakubaliana, dola 80,000, na masharti kwamba wa kompyuta hawataingia kwenye muziki. Kompyuta zikaanza kutoa sauti, wakarudi mezani, 1991 ikalipwa dola milioni 26.5. Likaja duka la muziki la mtandaoni, kesi ya tatu, 2006 kampuni ya kompyuta ikashinda, na 2007 wakaafikiana kwamba alama zote ziwe za kampuni ya kompyuta na Apple Corps wazitumie kwa leseni.

WWF ni kisa kingine cha kuweka kwenye orodha yako. Shirika la uhifadhi wa wanyama na kampuni ya mieleka walikubaliana 1994 kuhusu matumizi ya herufi hizo, kampuni ya mieleka ikavuka mipaka, mahakama za Uingereza zikaamua dhidi yake, na Mei 2002 ikawa WWE. Swali la mieleka ya 1998 liandikwe WWF, na kitambulisho kiwe kilekile cha WWE.

Wengine hugawana tu. Cleveland Guardians wa besiboli walipotangaza jina 2021, tayari mjini kulikuwa na timu ya roller derby (mchezo wa viatu vya magurudumu) yenye jina hilohilo. Kesi ilifunguliwa Oktoba, Novemba wakaelewana wote wawili waendelee.

---

Benchi_la_Ufundi

Watu binafsi hamjawagusa. Brazil 1996, Olimpiki ya Atlanta: Ronaldo, yule wa 1976, alivaa jezi iliyoandikwa Ronaldinho, kwa sababu kikosini kulikuwa na beki Ronaldo Guiaro aliyemzidi umri. Ronaldinho tunayemjua sote alikuja timu ya taifa 1999. Kwa hiyo kumbukumbu za miaka ya 1990 zikisema "Ronaldinho", usimpe yule wa Porto Alegre mabao ya mwenzake. Kikosi cha England cha Kombe la Dunia 1986 kilikuwa na Gary Stevens wawili, wa Everton na wa Tottenham, na wote mabeki. Klabu ndiyo inayowatenganisha kwenye swali, lakini klabu hubadilika, kwa hiyo kwenye safu ya kitofautishi weka mwaka wa kuzaliwa: 1963 ni wa Everton, 1962 ni wa Tottenham.

---

Jalada_la_Kwanza

Maktaba hufanya hivyohivyo. Churchill, Winston, 1871–1947 ni mwandishi wa riwaya wa Marekani. Churchill, Winston, 1874–1965 ni waziri mkuu. Mwandishi ndiye aliyekuwa na jina kubwa kwanza, na ndiye aliyesababisha mwenzake aahidi kusaini vitabu vyake "Winston Spencer Churchill". Elizabeth Taylor pia: mwandishi 1912–1975, mwigizaji 1932–2011.

Kwa waigizaji wa Marekani chama chao hakipendi majina mawili yanayofanana, ndiyo maana Michael Keaton, aliyezaliwa Michael Douglas, alitafuta jingine, na Michael J. Fox akaongeza herufi. Herufi hiyo ya katikati basi ni sehemu ya jina. Usiifute.

---

Kabati_la_Santuri

Kwa kazi ya leo, mkuu: tengeneza safu ya muda yenye jina lililogeuzwa herufi ndogo zote na kupitishwa TRIM. Ongeza safu ya COUNTIF inayohesabu jina hilo limetokea mara ngapi. Chuja zinazozidi 1. Hizo ndizo zinazohitaji kitofautishi sasa hivi. Kisha rudia hesabu kwa COUNTIFS ukitumia jina, aina na kitofautishi pamoja. Jibu lolote linalozidi 1 ni ama mstari uliorudiwa au kitofautishi kisichotosha, kama Weezer 2019.

Majina yanayoanza na "The" yahesabiwe mara mbili, pamoja nayo na bila nayo, la sivyo Verve ya lebo na The Verve ya bendi hazitaonekana kugongana ilhali mtafutaji atazigonga. Na majina yenye herufi zilizopambwa, kama Green Jellÿ, yapewe umbo la kawaida kwenye safu ya majina mengine, maana hakuna atakayechapa ÿ kwenye kisanduku cha kutafutia.

Ukichota data nje, kumbuka Discogs, hifadhidata ya rekodi za muziki, huweka namba kwenye mabano, kama (2) au (3), kwa wasanii wenye jina moja. Namba hiyo hutoka kwenye mpangilio wa kuingizwa, si umaarufu wala umri, na haipaswi kuonekana kwa mchezaji wa chemsha bongo yako. Last.fm, mtandao unaohesabu wasikilizaji, wenyewe huwaweka wote wenye jina moja ukurasa mmoja, kwa hiyo idadi za wasikilizaji kutoka kule usizitumie kwa jina lolote lililotokea kwenye kichujio chako.

---

Orodha_Kuu

Nimepitisha kichujio. Rough Riders na Roughriders hazikushikana, zimebaki mbili. Hornets naijengea jedwali la pembeni kesho.